Mtoto anasoma Biblia na watu wasiotaja jina lao: umfuate kwa njia gani?

Kijana wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili pale Kasapa, chuo kikuu cha Lubumbashi, Kongo, alipoanza kuchelewa kurudi nyumbani kila Jumanne na Alhamisi. Nikamuuliza anatoka wapi. "Tantine, ile haiko kanisa, njo masomo ya Biblia tu. Batu ya makanisa yote." Daftari la masomo hayo lilikuwa na jalada la kozi ya takwimu. Kurasa kumi za kwanza zilikuwa takwimu kweli, kwa mwandiko wake wa kubana. Kuanzia ya kumi na moja ilikuwa mishale inayotoka Mwanzo kwenda Ufunuo.

Ilituchukua miezi saba kulijua jina la kundi. Yeye aliambiwa mwezi wa nne. Ile miezi mitatu ya katikati ndiyo iliyotuuma, maana hakuwa tena mtoto aliyedanganywa. Alikuwa anatudanganya sisi, macho kwa macho, ametulia kama mtu anayetimiza wajibu.

Tangu hapo wazazi wa parokiani kwetu, na jirani mmoja Mpentekoste aliyehamia Katuba, hunipigia simu na swali lile lile: nifanyeje? Njia wanazozifikiria huwa nne. Kumkalisha chini na ushahidi. Kuingia naye darasani. Kukaa naye karibu na kungoja. Au kuipeleka kesi kwa wakubwa. Sisi tulizijaribu zote nne, kwa mpangilio mbovu kabisa. Ninaziweka hapa ubavu kwa ubavu, uchague inayofaa nyumba yako.

Si kila anayejificha ni tapeli

Kabla ya kuchagua, jua ni siri ya aina gani iliyo mbele yako. Kuna siri ya mtu anayekimbia, na kuna siri ya mtu anayewinda.

Mji wetu unaijua ya kwanza. Mhubiri Simon Kimbangu alihukumiwa kifo mwaka 1921, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa hapa Lubumbashi, wakati huo mji ukiitwa Élisabethville. Alikaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki Oktoba 1951. Wafuasi wake waliomba usiku na kujikana mchana, mpaka kanisa lao lilipotambuliwa mwaka 1959. Watu wa Kitawala, kundi jingine la dini, nao walikutana kwa siri kwa sababu Wabelgiji waliwapiga marufuku. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ya Mobutu ilipotambua Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu peke yao, vikundi vingi vidogo vilijibanza chini ya mwavuli wa wengine. Waislamu wa Kishia wana fundisho la takia: aliye hatarini kuuawa au kuteswa anaweza kuficha imani yake, na hutegemea aya ya 106 ya sura An-Nahl, inayomzungumzia aliyelazimishwa huku moyo wake umetulia katika imani. Wapo wanaolichukua neno hilo kumshuku kila Mwislamu anayewauzia sukari. Huo ni uchochezi, si maarifa.

Siri ya pili haimkimbii mtu yeyote. Inaficha jina ili wewe ukubali kuingia. Katika kanisa la Sun Myung Moon, lililoanzishwa Seoul mwaka 1954, waumini waliokuwa wakivuta watu Marekani miaka ya 1970 walikuwa na jina kabisa la jambo hilo: udanganyifu wa kimbingu. Yakobo alimdanganya Isaka akapata baraka, basi kwa nini sisi tusiudanganye ulimwengu wa Shetani ili tuuokoe? Shincheonji, kundi lililoanzishwa Korea Kusini mwaka 1984 na Lee Man-hee, linajulikana kwa madarasa ya Biblia ya miezi mingi ambapo jina la kundi hutajwa baadaye sana, na baadhi ya "wanafunzi wenzako" ni waumini wa zamani waliokaa pale kwa ajili yako. Februari 2020, korona ilipolipuka Daegu na serikali ikadai orodha ya waumini wao, siri hiyo ilifichuka nchi nzima.

Aya zao utazisikia zikizunguka: Rahabu aliyewaficha wapelelezi, wakunga wa Misri waliomdanganya Farao, "werevu kama nyoka" ya Mathayo 10. Nikiziangalia, naona Rahabu aliongopa ili watu wasiuawe. Hakuongopa ili wajiandikishe kwake.

Kati ya siri hizo mbili kuna ukungu. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hukataza uongo na hubisha mlango wakijitaja, ila hufundisha pia kwamba si kila mtu ana haki ya kuambiwa kila kitu. Hilo usiliweke kapu moja na daftari la takwimu.

Njia hizi nitazipima kwa vipimo gani

Kila njia nitaiuliza maswali manne. Inaifanya nini kinga aliyochanjwa mtoto, maana ameshaambiwa kwamba adui za mtu ni wa nyumbani mwake? Inagharimu muda na fedha kiasi gani? Ikishindikana, unabaki na nini mkononi? Na je, inakutaka wewe nawe uongope?

La nne ninalipa uzito kuliko mengine, nakiri mapema. Ukiona halikuhusu, livute chini kwenye mizani yako.

Kumkalisha chini na ushahidi

Ndiyo njia ya kwanza inayomjia kila mtu, na ina siku zake. Katika wiki za mwanzo mtoto bado hajui yuko wapi. Kwake jina la kundi ni habari mpya, na kwa vijana wengine habari hiyo peke yake inatosha. Kijana anayependa hoja, asiyekubali kitu bila kukiona, unaweza kumwekea karatasi mbili mezani na akaamua mwenyewe kabla chai haijapoa.

Sisi tuliifanya mwezi wa saba. Tulimwita kwa kisingizio kwamba bibi ameanguka. Alikuta watu tisa sebuleni, mjomba amepanda basi kutoka Likasi, na bunda la karatasi zilizochapwa. Umeme ulikuwa umekatika, tukasoma kwa tochi za simu kama polisi wanaokagua gari. Alisikiliza karibu saa nzima, kisha akasema: "Nilishaambiwa mutafika na makaratasi." Usiku ule mwalimu wake alipanda cheo, kwa kuwa alitabiri na sisi tukatimiza.

Hapo ndipo kinga inapofanya kazi. Baada ya kuambiwa jina, ushahidi kwamba kundi lilimdanganya haumshtui tena. Ana aya yake. Gharama ni ndogo, jioni moja na pesa za kuchapa. Ikishindikana hasara ni kubwa: kwetu alikata maneno wiki sita. Kuhusu kuongopa, njia yenyewe haikutaki uongope. Sisi ndio tulioingiza bibi aliyeanguka, na hadi leo neno hilo analikumbuka kuliko karatasi zote.

Inamfaa mzazi aliyegundua mapema, mwenye jambo moja la hakika la kusema, na anayeweza kulisema akiwa peke yake au na mtu mmoja tu. Watu tisa ni baraza la hukumu.

Kuingia naye darasani

Kuna namna mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kwenda waziwazi. "Mimi ni tantine yake, nimekuja kusikiliza." Niliifanya. Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya geti la bluu huko Bel-Air, viti vya plastiki kumi na viwili, ubao mweupe, na kikapu cha ukili mlangoni cha kuwekea simu. Msichana aliyekaa kulia kwangu alisema naye ni siku yake ya kwanza. Mwalimu alipouliza swali, akajibu kidogo tu, akanigeukia: "Na mama anaonaje?" Mara ya tatu nikaelewa kwamba kazi yake ilikuwa mimi. Niseme ukweli, somo lilikuwa zuri. Mwalimu alijua kufundisha kuliko katekista wetu, na nilitoka na hamu ya kujua wiki ijayo ataeleza nini. Ukidhani wanaoingia ni wajinga, hujakaa kwenye kile kiti.

Faida ya kwenda waziwazi ni kwamba hata wakikukataa umepata kitu. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba masomo ya "watu wa makanisa yote" hayana nafasi kwa tantine yake Mkatoliki. Na wakikupokea, mna jambo la kuzungumza njiani, kwenye teksi-basi, na bila kutafutana makosa: hivi ile aya kweli inasema vile? Kinga haina nguvu sana hapo, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya mpinzani, na wewe umekuja kama mwanafunzi mwenye jina lake.

Namna ya pili ni kujifanya. Shemeji yangu aliingia kwa jina la uongo, mfanyabiashara wa Kolwezi, wiki tatu. Alijua mengi kuliko mimi: nani analipa kodi ya nyumba, nani yuko juu ya nani. Swali hili ni la zamani kuliko madarasa haya. Huko Uhispania kulikuwa na wafuasi wa Priscillian, askofu aliyeuawa mwaka 385, waliodaiwa kufundisha kwamba amri ya kumwambia jirani yako kweli, ile ya Waefeso 4:25, inahusu jirani wa imani yetu tu, na wa nje unaweza kumficha kwa uongo. Karibu mwaka 420 mtu aitwaye Consentius alimwandikia Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini: je, Wakatoliki wajifanye nao ni wa kundi hilo ili wawafichue? Augustino alikataa. Ukiongopa ili kumtoa mtu kwenye fundisho la kwamba uongo unaruhusiwa, alijibu kwa urefu, umeshakubaliana na fundisho lenyewe.

Huenda wewe huna ugumu wa Augustino. Shemeji hakuwa nao. Ila mtoto alipogundua, alisimama ukumbini na kuuliza kwa sauti ya chini: "Sasa nani anadanganya nani?" Hakuna aliyemjibu.

Gharama ya kuingia ni kubwa kwa vyovyote: jioni mbili kwa wiki, nauli, miezi. Inamfaa anayeijua Biblia vizuri, asiye na hasira ya karibu, na mwenye mtu wa nje wa kumsimulia kila somo usiku ule ule. Bila mtu huyo usiende, hata kama wewe ni pasta.

Kukaa karibu na kungoja

Njia hii haina kitu cha kuonyesha jirani. Watu watakuambia umemwachia mtoto apotee.

Inafanya kazi hivi. Maisha mawili yanachosha. Mwenye siri lazima akumbuke alimwambia nini mama, alimwambia nini profesa, alimwambia nini mchumba. Nyumba yako inaweza kuwa mahali pekee asipohitaji kukumbuka. Kwetu ilikuwa Jumapili saa nane: jiko la mbabula nje, ugali wa bukari, mboga ya sombe, na samaki wa tomsoni ambaye anampenda tangu mdogo. Hatukuuliza habari ya Jumanne. Tulimuuliza habari ya masomo ya takwimu, rafiki zake wa zamani, timu yake ya mpira.

Angalia lakini: kunyamaza kunaweza kugeuka uongo. Ukijifanya hujui, naye akajua unajifanya, mmekuwa wawili mnaoigiza. Dada yangu alilitatua kwa maneno machache, mara moja tu: "Najua jina la kundi. Sitakuuliza tena. Siku ukitaka kusema, hata saa tisa za usiku, nigongee." Baada ya hapo alinyamaza bila kuongopa.

Kinga haina cha kupambana nacho hapa, na ndiyo nguvu yake. Fedha haili, ila usingizi inaula, na hakuna anayeweza kukuambia ni miezi au miaka. Ukishindwa, bado una mtoto anayekuja Jumapili. Hatari yake ni kwamba wakati unangoja, mambo yanaendelea: anaacha chuo, anatoa mshahara wote, anawaleta wadogo zake kwenye kile kikapu cha simu. Kwetu aliacha muhula mmoja. Dada yangu anasema ni bei nafuu. Baba yake hakubaliani, na sitaki kuwaamulia.

Inamfaa mtu mzima ambaye tayari analijua jina la kundi na amelikubali, na familia inayoweza kukaa meza moja bila kulipuka. Haifai pale ambapo mtu ameambiwa aache dawa, au kuna mtoto mdogo ndani ya jambo.

Kuipeleka kwa wakubwa

Padri, pasta, shefu wa kartie yaani wa mtaa, mwanasheria. Nitaenda haraka, kwa kuwa mipaka yake inajulikana.

Wanaweza kuuliza makaratasi. Sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 inavitaka vyama visivyo vya faida, makanisa yakiwemo, viwe na utu wa kisheria unaotolewa na waziri wa Haki. Kundi lililopanga nyumba kwa jina la "kituo cha vijana" litakuwa na maelezo ya kutoa. Na mtu akitoa fedha au mali kwa sababu alionyeshwa jina au cheo cha uongo, mwanasheria atakuambia kama hiyo ni eskrokri, yaani utapeli. Wasichoweza ni kumrudisha mtu mwenye miaka 18 na zaidi. Ibara ya 22 ya Katiba ya 2006 inampa uhuru wa dini, nao unalinda hata dini usiyoipenda.

Mahakama ya Juu ya California ilipita kwenye njia hiyo nyembamba mwaka 1988. David Molko alikutana na vijana wawili San Francisco mwaka 1979, akawauliza kama wana uhusiano na dini yoyote, wakakana; walikuwa watu wa Moon. Mahakama ilisema haiwezi kuihukumu imani, lakini udanganyifu wa kumwingiza mtu bila kumwambia ni nani unaweza kushtakiwa. Kesi hiyo ina upande mwingine ambao wazazi hupenda kuusikia: wazazi wa Molko walikodi watu wakamteka siku ya mtihani wake wa uwakili, wakamfungia siku tatu, na akaliacha kundi. Kabla hujaanza kutafuta gari la kukodi, sikiliza na ya Jason Scott, kijana wa miaka 18 aliyetekwa hivyo hivyo Marekani mwaka 1991. Alirudi kanisani kwake, akashtaki, na mwaka 1995 baraza la mahakama likampa karibu dola milioni 5. Kumfungia mtu ni kosa la jinai hapa pia, ndiyo maana sikuihesabu kama njia ya tano.

Kwa kinga, wakubwa ni mafuta kwenye moto: mateso yaliyotabiriwa yamefika na yana sare. Kwa fedha, tayarisha ya mwanasheria na ya vikahawa vya ofisini. Ikishindikana, kundi linahama mtaa na mtoto anahama nalo. Kuongopa hukuhitaji, mradi usipambe mashtaka. Padri wetu aliombwa aseme msichana fulani ametekwa wakati alikuwa anakwenda kwa miguu yake, akakataa, na alikuwa sahihi.

Uko wapi wewe?

Kama ni wiki ya tatu na mtoto bado anasema "haiko kanisa", zungumza naye sasa, wawili tu. Mpe jina ikiwa una hakika nalo. Ikiwa huna, usibahatishe. Mwambie aende akaliulize, na akuambie walivyojibu.

Kama ameshavuka miezi minne na anakudanganya kwa utulivu, weka bunda la karatasi kabatini. Sema unalolijua mara moja, kisha anza Jumapili zako. Mwenye Biblia kichwani katika familia anaweza kuomba kwenda naye, kwa jina lake halisi.

Kama ana umri chini ya miaka 18, au ameacha dawa za kifua kikuu au za sukari, au kiwanja cha familia kimeuzwa, usingoje. Daktari kwanza kama ni dawa, mwanasheria kwanza kama ni kiwanja. Mlango wa Jumapili uache wazi hata hivyo.

Kama anaanza kuwaleta wadogo zake, watoe wadogo, usipigane na mkubwa. Waambie jina la kundi, mbele yake yeye, bila matusi. Kijana wetu alikasirika siku mbili, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe alitamani angeambiwa hivyo siku ya kwanza.

Na kama wewe unayesoma ndiye unayekwenda Jumanne na Alhamisi, mwombe mwalimu mambo matatu wiki hii: jina kamili la kundi lililo kwenye hati za waziri wa Haki, nani analipa nyumba, na ruhusa ya kumsimulia dada yako somo lote leo jioni. Ukijibiwa "utayajua wakati ukifika", mwulize wakati huo utafika baada ya masomo mangapi, uandike namba hiyo kwenye daftari, mbele yake.